Jimbo Limegeuza Sheria ya Leseni: Jinsi ya Kujua Kama Yako Bado Inakubalika

Kila bunge la jimbo linapogusa leseni za udereva, magrupu ya WhatsApp ya Waswahili walioko Marekani huwaka moto. Sauti inatumwa kutoka Tampa, inafika Columbus, Louisville na Minneapolis kabla ya magharibi, na njiani imeshageuka. Kilichoanza kama "leseni za aina fulani kutoka majimbo fulani" kimekuwa "leseni zote za wageni zimefutwa." Wapo wanaoacha kwenda kazini kwa sababu ya sauti ile. Wapo pia wanaopuuza kila kitu kwa kuwa sauti tatu zilizotangulia zilikuwa uzushi, kisha wananaswa na ya nne iliyokuwa ya kweli.

Mwongozo huu unalenga ujue mwenyewe, bila kusubiri sauti ya mtu. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba tarehe iliyochapwa kwenye kadi haimalizi maneno. Kadi inaweza kuonyesha mwaka 2029 na bado isikubalike leo katika jimbo unalopita. Kinachoamua ni aina ya kadi yenyewe, sheria ya jimbo ulipo kwa wakati huo, na karatasi zako za uhamiaji.

Tuanze na sababu ya vurugu zote hizi. Leseni ya udereva Marekani hutolewa na jimbo, si serikali ya Washington, na kila jimbo lina bunge na gavana wake. Chukua tarehe 1 Julai 2023. Siku hiyo Massachusetts ilianza kutoa leseni kwa wakazi wasio na hati za uhamiaji. Siku hiyohiyo, Florida ilianza kuzikataa baadhi ya leseni za aina hiyo kutoka majimbo mengine, kwa sheria iliyojulikana kama SB 1718, ambayo gavana Ron DeSantis aliitia saini tarehe 10 Mei. Oktoba mwaka huohuo Minnesota nayo ikafungua mlango kama Massachusetts. Mwaka 2025 Wyoming ikapita njia ya Florida. Kwa hiyo ukisikia "sheria imebadilika", swali la kwanza liwe: jimbo gani?

Hatua ya kwanza: soma kadi yako, yote

Itoe kwenye pochi, uiweke mezani penye mwanga. Watu wengi wanajua picha yao ilivyotoka vibaya lakini hawajawahi kusoma maandishi yaliyo kando yake.

Tazama pembe ya juu kulia. Kama kuna nyota (California huiweka ndani ya umbo la dubu), kadi yako inakidhi sheria ya shirikisho ya REAL ID, iliyopitishwa mwaka 2005 na kuanza kutumika kwenye viwanja vya ndege tarehe 7 Mei 2025. Kama hakuna nyota, tafuta maneno yaliyokaa mahali pake. California huandika "Federal Limits Apply". New York huandika "Not for Federal Purposes". Maneno hayo hayaibatilishi leseni. Maana yake ni kwamba kadi haitoshi kama kitambulisho cha kupandia ndege au kuingia jengo la shirikisho. Kuendesha gari ni suala jingine kabisa. Raia wa Marekani aliyezaliwa hapohapo anaweza kushika kadi ya namna hiyo kwa kutotaka tu usumbufu wa kupeleka cheti cha kuzaliwa.

Sasa tafuta maneno ya aina nyingine, kama "Driving Privilege" au mengine yanayosema kadi ni ya kuendeshea tu na si kitambulisho. Hapo simama. Baadhi ya majimbo hutoa kadi hiyo kwa watu wasioweza kuthibitisha ukaazi halali, na si kwa wengine, na hiyo ndiyo aina inayolengwa na sheria za kukataa leseni.

Halafu kuna "Limited Term" au "Temporary". Hii ni ya mtu mwenye hadhi halali ya uhamiaji yenye mwisho: mwanafunzi, mwenye TPS (ulinzi wa muda kwa watu wa nchi zenye machafuko), aliyeomba hifadhi akisubiri majibu, au anayesubiri grinikadi. Sheria ya REAL ID yenyewe inataka leseni ya mtu kama huyo iishe siku ruhusa yake ya kukaa inapoisha, na kama ruhusa haina mwisho unaojulikana, leseni iwe ya mwaka mmoja.

Mwisho angalia namba ndogo zilizochapwa kando ya kila taarifa. Ni za mtindo mmoja karibu nchi nzima: 4a ni tarehe ya kutolewa, 4b ni tarehe ya kuisha, 4d ni namba ya leseni, 9 ni daraja, na 12 ni masharti, kwa mfano kuvaa miwani. Piga picha mbele na nyuma, uihifadhi mahali salama nje ya simu unayotembea nayo.

Hatua ya pili: ni muswada au ni sheria?

Hapa ndipo magrupu yanapokosea zaidi. Mbunge mmoja akiwasilisha muswada Jumatatu, Jumanne watu wanasema sheria imepita. Kila mwaka mabunge ya majimbo hupokea miswada mingi ya leseni, na mingi hufia kwenye kamati bila hata kupigiwa kura.

Muombe aliyetuma habari namba ya muswada. Mara nyingi huanza na HB au SB, California AB au SB, Minnesota HF au SF. Akikosa namba, chukulia ni fununu mpaka uthibitishe. Ukiipata, fungua tovuti ya bunge la jimbo husika na uiandike kwenye sehemu ya kutafutia. Utaona historia ya muswada mstari kwa mstari: umewasilishwa, umepelekwa kamati, umepita baraza la kwanza, la pili, umefika kwa gavana. Mpaka uone umetiwa saini, au umekuwa sheria bila saini yake, hakuna kilichobadilika barabarani.

Ukishakuwa sheria, tafuta tarehe ya kuanza kutumika. Kwa kawaida iko chini kabisa, kwenye kifungu cha mwisho. Florida ilitia saini Mei, ikaanza Julai. Kipindi hicho cha katikati ni chako cha kujipanga.

Kisha angalia kama mahakama imeingilia, na hapa usome kwa makini hasa. Mei 2024 jaji wa shirikisho alisimamisha sehemu ya SB 1718, na vichwa vya habari vikasema sheria ya wahamiaji ya Florida imezuiwa. Waliosoma kichwa tu walishangilia. Kilichosimamishwa kilikuwa kifungu cha kusafirisha watu wasio na hati kuwaingiza Florida. Kifungu cha leseni hakikuguswa.

Hatua ya tatu: tafuta kifungu kinachoamua

Huhitaji kusoma kurasa zote. Sheria ya Florida ni ndefu, inagusa waajiri, hospitali na mambo mengine, lakini ya leseni imekaa kwenye kifungu kimoja, 322.033. Kinakataa leseni za makundi mawili. La kwanza ni leseni ambazo jimbo jingine huwapa watu wasioweza kuthibitisha ukaazi halali, na wao pekee. La pili ni leseni zinazofanana na za watu wote lakini zenye alama inayoonyesha kwamba mwenyewe hakutoa uthibitisho wa ukaazi halali.

Kifungu hichohicho kinaiagiza idara ya leseni ya Florida kuweka kwenye tovuti yake orodha ya kadi zilizokataliwa. Orodha hiyo ndiyo ya kutazama, si ramani iliyochorwa na mtu asiyejulikana. Ilipotoka mwaka 2023, Connecticut na Delaware zilikuwamo. California na New York, zenye wahamiaji wengi kuliko hizo mbili kwa mbali, hazikuwamo. Tofauti iko kwenye kadi: Connecticut na Delaware hutoa kadi maalumu kwa kundi hilo, ilhali "Federal Limits Apply" ya California inashikwa na raia na asiye raia vilevile, na askari akiitazama hawezi kujua wewe ni yupi. Orodha za namna hii hubadilishwa, kwa hiyo ifungue wiki ile unayosafiri.

Unaposoma sheria ya jimbo lolote, iulize maswali haya. Inahusu leseni za jimbo lake au za majimbo mengine? Inagusa kadi zilizokwisha kutolewa, au zitakazotolewa kuanzia tarehe fulani? Nani anapaswa kuarifiwa kwa barua? Na adhabu ni nini? Florida, kuendesha bila leseni halali kwa mara ya kwanza ni kosa la jinai la daraja la chini, kifungo hadi siku 60 na faini hadi dola 500. Kwa asiye raia hesabu haiishii hapo, kwani ukipelekwa rumande alama za vidole hufika kwa idara ya uhamiaji.

Hatua ya nne: linganisha leseni na karatasi za uhamiaji

Sehemu hii inawahusu hasa ndugu zetu walioingia kama wakimbizi. Mwaka wa fedha wa 2024 kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi walioingia Marekani lilitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengi wao ni watu wa mashariki wanaozungumza Kiswahili.

Mkimbizi na aliyekubaliwa hifadhi hawamo katika kundi la leseni za muda kwa mujibu wa REAL ID. Hadhi yao haina tarehe ya kuisha. Lakini mtu anafika dirishani, anatoa kadi ya kazi kwa sababu ina picha na ndiyo aliyoizoea, na karani anaingiza tarehe ya kadi hiyo kwenye kompyuta. Leseni inatoka ikiwa na mwisho uleule wa kadi ya kazi. Usianze na kadi ya kazi. Toa kwanza I-94 yako (kumbukumbu ya kuingia nchini) yenye muhuri wa kuingia kama mkimbizi, au barua ya kukubaliwa hifadhi, na useme wazi unaomba leseni ya muda kamili. Karani akikataa, omba msimamizi kwa upole. Karani si mwanasheria, na siku nzima amekuwa akihudumia watu wenye hati za aina nyingine.

Jambo hili limekuwa na uzito zaidi sasa. Kuanzia Desemba 2025 kadi za kazi za wakimbizi, waliopewa hifadhi na wanaosubiri majibu hutolewa kwa miezi isiyozidi 18, wakati awali zilifika miaka mitano. Na kwa aliyeomba kuhuisha kadi yake tarehe 30 Oktoba 2025 au baada ya hapo, ule muda wa nyongeza wa hadi siku 540 uliokuwa ukija wenyewe kwa kuonyesha risiti haupo tena kwa wengi. Leseni iliyofungwa kwenye kadi ya kazi inakwisha pamoja nayo. Peleka maombi ya kuhuisha mapema kadiri unavyoruhusiwa. USCIS, idara ya shirikisho ya uhamiaji, hupokea hadi siku 180 kabla ya kadi kuisha.

Ukihama nyumba, wajulishe USCIS ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, na idara ya leseni kwa muda uliowekwa na jimbo lako: California siku 10, Texas siku 30. Barua ya kukuarifu kwamba leseni yako inafutwa inakwenda kwenye anwani waliyonayo wao, na sheria haitakuuliza kama uliipata.

Hatua ya tano: siku ya kwenda ofisini

Ofisi ya leseni sote tunaiita DMV, lakini ukitafuta kwa jina hilo Texas utaishia ofisi ya usajili wa magari. Leseni Texas ni za DPS, Minnesota ni DVS, Ohio ni BMV, Massachusetts ni RMV, Arizona ni MVD, na Illinois ni ofisi ya Secretary of State. Tumia tovuti inayoishia na .gov. Nyingine zinazojitokeza juu kwenye matokeo hukutoza pesa kwa fomu ambayo ni ya bure.

Beba hati asilia: pasipoti au I-94, grinikadi au kadi ya kazi, kadi ya Social Security kama unayo, na uthibitisho wa makazi. Majimbo mengi hutaka viwili vya makazi, kama mkataba wa nyumba na bili ya umeme. Jina lifanane kila mahali. Wenzetu wenye majina matatu au manne hukwama hapa sana, jina la baba likiwa upande wa kwanza kwenye hati moja na upande wa mwisho kwenye nyingine. Kama lako liko hivyo, lisahihishe Social Security kwanza.

Karani ataingiza taarifa zako kwenye mfumo wa shirikisho uitwao SAVE, unaothibitisha hadhi ya uhamiaji. Mara nyingi jibu huja papo hapo. Lisipokuja, atakwambia "subiri", na hapo wengi huondoka mikono mitupu. Kabla hujatoka, omba namba ya uthibitisho ya SAVE. Kwa namba hiyo unaweza kufuatilia mwenyewe mtandaoni kupitia ukurasa wao wa CaseCheck, na ukarudi siku jibu limefika badala ya kupoteza siku ya kazi kwa kubahatisha.

Sasa swali ambalo naliona hatari kuliko yote ya siku hiyo, na halihusiani na gari hata kidogo. Kwenye fomu au kwenye skrini ya kompyuta utaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1993 inayolazimisha ofisi za leseni za majimbo mengi kuuliza. Kama wewe si raia wa Marekani, jibu ni hapana. Grinikadi haitoshi, kulipa kodi hakutoshi, na karani kukusukumia kalamu akisema "saini hapa, hapa na hapa" hakukuokoi. Kujidai raia, hata kwa kutoelewa Kiingereza, kunaweza kukunyima uraia baadaye au kukufikisha mbele ya jaji wa uhamiaji. Soma kila kisanduku. Kama lugha inakusumbua, omba mkalimani au nenda na mtu mzima unayemwamini, na msiache mtoto wa miaka kumi ndiye awe mtafsiri wa swali hili. Ukigundua umesajiliwa kimakosa, usipige kura, na umwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu nyingine yoyote.

Vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25 wanaweza kuona pia swali la Selective Service, yaani orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Hilo ni kinyume: mkimbizi na mwenye grinikadi wanatakiwa kujiandikisha.

Kadi mpya huja kwa posta. Kwa wakati huo utapewa karatasi ya muda yenye tarehe yake. Tembea nayo pamoja na kadi ya zamani.

Hatua ya sita: ukihama au ukisafiri

Msafiri na mhamiaji hawahesabiwi sawa. Ukihamia jimbo jingine una siku chache za kubadilisha leseni: California 10, New York 30, Minnesota 60, Texas 90. Hesabu huanza unapokuwa mkazi, na kupanga nyumba au kuanza kazi huchukuliwa kuwa ukaazi. Anayehama Minneapolis kwenda Dallas akiwa na kadi aliyoipata kwa sheria ya Minnesota ya 2023 ajue kwamba Texas haina sheria kama ile. Leseni ya zamani haitamfungulia mlango mpya.

Kwa msafiri, pitia kila jimbo lililo njiani. Familia inayotoka Hartford kwenda Orlando kwa gari inapita majimbo karibu kumi, na dereva mwenye kadi ya Connecticut ya kuendeshea tu anaweza asipate tatizo mpaka anapovuka kutoka Georgia kuingia Florida. Kama kwenye gari kuna mtu mwingine mwenye leseni isiyo na tatizo, ashike usukani kabla ya mpaka. Kama hayupo, basi la abiria ni nafuu kuliko wakili.

Ukigundua kwamba yako haikubaliki

Usiendeshe katika jimbo hilo, hata dukani. Iulize kampuni ya bima kwa maandishi kama dereva mwenye leseni isiyotambuliwa analindwa, kwa kuwa ajali moja inaweza kumaliza akiba ya miaka. Shirika lililokupokea kama mkimbizi, au kliniki ya msaada wa kisheria iliyoidhinishwa na Wizara ya Sheria, inaweza kukuangalizia kama una njia ya kupata kadi ya aina nyingine. Kaa mbali na yule "kaka anayejua mtu" wa kukutengenezea leseni. Kadi ya kughushi ni kosa zito kuliko kutokuwa nayo.

Ukisimamishwa, toa leseni, usajili wa gari na bima unapoombwa, na mikono ionekane. Maswali ya ulizaliwa wapi au uliingiaje nchini una haki ya kutoyajibu. Kudanganya, au kutoa hati isiyo yako, huna haki nayo.

Kwa madereva wa malori

Leseni ya biashara, CDL, ina sheria zake juu ya hizi. Jimbo ndilo linaloitoa lakini masharti ni ya shirikisho. Septemba 2025 Wizara ya Uchukuzi ilitoa kanuni ya dharura ya kuwabana wasio raia na wasio na grinikadi wanaoshika CDL ya aina iitwayo "non-domiciled". Kanuni hiyo ililenga kuwabakishia wenye viza chache tu za kazi, na kuwaacha nje hata wakimbizi na waliopewa hifadhi. Novemba mahakama ya rufaa ikaisimamisha kwa muda, na mvutano haukuishia hapo. Kama kadi yako ina neno hilo, fungua tovuti ya FMCSA (idara ya shirikisho ya usalama wa malori) na ya jimbo lako kabla ya kukubali mzigo mrefu, na kama unaweza kuomba grinikadi, usichelewe. Mkimbizi anaruhusiwa baada ya mwaka mmoja nchini.

Kiingereza nacho kimekuwa kipimo. Tangu 25 Juni 2025, dereva wa lori anayeshindwa kuzungumza na mkaguzi au kusoma alama za barabarani kwa Kiingereza huzuiwa kuendelea kuendesha papo hapo kando ya barabara, hata kama CDL yake haina kasoro yoyote.